Jina la ukumbi wa yoga lisiahidi tiba

Anayefungua ukumbi wa yoga hutafuta jina la kuvutia wateja, na mara nyingi neno linalomjia upesi ni "Tiba", "Kliniki" au "Uponyaji". Mimi ningemwomba aachane nayo.

Mgonjwa husoma bango kabla ya kumsikiliza mwalimu. Mwenye shinikizo la damu akiona "Tiba" mlangoni, huenda akaacha vidonge vyake, hasa kwa vile anajihisi mzima. Maradhi haya hayaumi. Kuna ambao dalili yao ya kwanza huwa ni kiharusi. Ni kweli kwamba yoga hupunguza shinikizo hilo kiasi, na huwasaidia wenye maumivu sugu ya mgongo. Lakini haichukui mahali pa dawa. Tena yapo mazoezi yanayoweza kudhuru: mwenye glakoma, ile presha ya macho, hafai kusimama kwa kichwa.

Majina ya Kisanskriti yana uzuri wake ("yoga" lenyewe latokana na shina lenye maana ya kufunga nira, au kuunganisha), ila jirani asiyeweza kulitamka atamwelekezaje mwenzake?

Ningependelea jina la mtaa, au la kitendo chenyewe: "Pumzi", kwa mfano, au "Nyoosha Mgongo". Kabla ya kumlipa mchoraji wa bango, jina litafutwe kwa msajili wa biashara kupitia eCitizen, kwani huenda lina mwenyewe. Na chini yake paandikwe, kwa herufi zinazosomeka, kwamba mgonjwa asiache dawa bila kumwona daktari wake.