Majira ya Majani Kupukutika Katika Mji wa New York

Kila mwaka baadhi ya wenzetu wamalizapo masomo hapa hupata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Wengi wao hufika huko mwezi wa Agosti au Septemba, wakati vyuo vinapofunguliwa. Kwa hiyo majira ya kwanza wayaonayo si ya theluji, kama wengi wetu tudhanivyo, bali ni majira ya majani kupukutika. Kaka yangu mkubwa yuko New York, nchini Marekani, na nimeona vema niwaelezeni mambo ya majira hayo, kama alivyoyaandika katika barua zake na kama nilivyosoma mwenyewe vitabuni.

Kwanza tujue sababu yake. Ikweta hupita katika nchi yetu ya Uganda, na kwa hiyo mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. New York iko mbali upande wa kaskazini, na kwa kuwa dunia imeinama katika kulizunguka jua, mchana wa huko ni wa saa 15 mwezi wa Juni, lakini mwezi wa Desemba ni saa 9 na robo tu. Majira haya huanza tarehe 22 au 23 Septemba. Wengine huyaita vuli. Lakini tusichanganye, maana vuli ya ndugu zetu wa pwani ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka.

Kaka alipoona miti inageuka manjano na nyekundu alidhani imepatwa na maradhi. Sivyo. Ukijani wa jani hutokana na klorofili, ambayo huliwezesha jani kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Mchana ukifupika na baridi ikianza, mti huacha kuifanya klorofili, na hurudisha matawini sehemu ya chakula kilichomo katika majani. Kijani kikitoweka, manjano iliyokuwa imefichika huonekana. Nyekundu ni jambo jingine: miti kadhaa huifanya upya kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Mwisho mti hujiziba mahali kikonyo kinaposhikana na tawi, na jani huanguka. Hivyo mti hauuawi na baridi, bali unajiweka tayari kuishi.

Mwaka wake wa kwanza kaka hakufurahia lolote katika haya. Akitoka darasani alijifungia chumbani, kwa sababu giza liliingia mapema na hakumjua mtu. Barua zake zilikuwa fupi sana. Mama aliniambia nimsomee kila moja mara mbili, akitafuta kama mwanawe ni mgonjwa. Mwaka wa pili mzee mmoja, jirani yake, alimgongea mlango akamwambia, "Kijana, vaa koti. Majani hayakungoji, baada ya wiki mbili tatu hutayaona tena." Tangu siku hiyo barua zikawa ndefu.

Mahali pa kwanza walipokwenda ni Central Park, bustani kubwa iliyo katikati ya mji, yenye eka 843. Ilianza kufunguliwa kwa watu mwaka 1858, nayo ni kazi ya Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux. Kuingia ni bure. Watu huenda na watoto wao, hukanyaga majani makavu, hupiga makasia ziwani, na wengine hubeba darubini kutazama ndege wanaopita hapo wakihamia kusini kukimbia baridi.

Safari ya pili ni ya nje ya mji. Katika stesheni ya Grand Central, iliyofunguliwa mwaka 1913, mtu hupanda gari la moshi lifuatalo ukingo wa mto Hudson kwenda kaskazini. Huko kuna vilima vyenye misitu, na rangi hufika kileleni katikati ya Oktoba au baadaye kidogo. Mjini huchelewa mpaka mwanzoni mwa Novemba. Karibu na hapo ni Bear Mountain, ambapo sehemu ya kwanza ya Appalachian Trail, njia ya miguu ya kilomita 3,500 hivi, ilifunguliwa mwaka 1923. Bonde hilo pia lina mashamba ya matofaa. Mgeni hununua mfuko, huchuma mwenyewe mpaka ujae, kisha huenda nao nyumbani. Kaka aliandika kwamba siku ile alikumbuka kuchuma kahawa kwa babu, ila hapa ni mchumaji anayelipa!

Mwisho wa Oktoba kila mlango una boga lililochongwa macho na mdomo. Hiyo ni Halloween, tarehe 31, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Lakini siku inayotuhusu zaidi ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, siku ya mbio za marathoni. Zilianza mwaka 1970 kwa watu 127, na tangu 1976 hupita sehemu zote tano za mji. Siku hizi wakimbiaji huzidi 50,000. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda. Mwaka 1989 Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na mwaka 1994 Tegla Loroupe wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda, akarudia mwaka 1995. Kaka husimama barabarani tangu asubuhi, na kila aonapo mkimbiaji wa kwetu hupaza sauti kwa Kiswahili mpaka ikauke. Anasema wengine hugeuka na kumpungia mkono.

Sasa shauri kwa watakaokwenda. Nguo nyepesi mbili tatu zilizovaliwa pamoja zafaa kuliko moja nzito, maana adhuhuri huwa na joto. Msiache njia msituni, na mkirudi jikagueni, kwani kupe wa huko huleta maradhi. Tena kumbukeni kwamba Jumapili ile ile ya marathoni saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na baada yake jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Basi ondokeni asubuhi.

Zaidi ya yote, msijifungie chumbani. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Na ninyi wazee wetu wa shule hii mlioko huko tayari, mkisikia kijana wa kwetu amefika, nendeni mkamgongee mlango.