Karatasi ya Soda: Namna ya Kuipata na Kuichunga

Wandugu wasomi, leo sitaongea juu ya kutafuta kazi. Nataka niwaeleze juu ya karatasi moja tu, ambayo ilitusumbua kwetu karibu miezi miwili.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alitoka hapa Bukavu angali mtoto. Familia yao iliishi kambini, kisha ikapokelewa Marekani kama wakimbizi. Kule alipata kadi ya ukaaji wa kudumu, akaingia jeshini, juu si lazima uwe raia kwanza; mwenye ile kadi anaweza kuandikishwa. Alitumika miaka minne, akatoka vizuri. Baadaye akataka kuanza universite na msaada ambao serikali inawapa basoda wa zamani. Wakamuomba karatasi inayoitwa DD-214. Akatafuta mu masanduku yote, hakuna. Alikuwa amehama nyumba mara tatu.

Akanipigia usiku: "Mdogo wangu, wewe njo musomi wa familia. Nisaidie kusoma hizi mambo." Kumbe alikuwa amekwisha kulipa mutu mumoja kwenye intaneti dola 90 ili amtafutie. Dola zikaenda, karatasi haikukuja. Basi nikaanza kusoma. Naandika hapa yale niliyojifunza, juu wengi wetu tuko na ndugu kule.

Hiyo DD-214 ni nini?

Ni hati ambayo soda anapewa anapotoka katika utumishi. Inaonyesha siku aliyoingia na siku aliyotoka, cheo, kazi aliyofanya, medali, na namna alivyotoka: kwa heshima ama vingine. Hiyo njo inafungua mlango wa pesa za masomo, dhamana ya mkopo wa nyumba, hata mazishi ya heshima pamoja na bendera. Inasaidia pia mwenye kuomba uraia kwa njia ya utumishi wa jeshi.

Ujue kwamba kuna kopi fupi na kopi ndefu. Ile fupi haisemi soda alitoka kwa namna gani wala kwa sababu gani. Ofisi nyingi zinataka ile ndefu, na mara nyingi utaona chini imeandikwa "Member-4".

Kuipata

Kwanza kabisa: ni bure. Soda mwenyewe hapaswi kulipa mutu yeyote kwa kopi ya DD-214 yake. Madosye ya basoda wa zamani yanachungwa na Nyaraka za Taifa za Marekani, katika kituo kilichoko St. Louis, Missouri. Soda anaomba kwa intaneti, ama anajaza fomu SF-180, anatia sahihi, anaituma kwa posta au kwa faksi. Waliotoka miaka ya karibuni, mara nyingi wanaweza kuiona wenyewe kwenye tovuti ya jeshi inayoitwa milConnect.

Akiwa amekufa, wanaoweza kuomba ni mjane ambaye hajaolewa tena, baba, mama, mtoto, kaka ao dada wa tumbo moja, pamoja na uthibitisho wa kifo. Sisi watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hatuna ile haki, hata kama kwetu ni ndugu kabisa. Mimi nilisoma na kueleza tu. Sahihi ilikuwa yake.

Hapa njo tulikwama: majina. Sisi tuko na jina, jina la pili na lile la ubatizo. Kule wanataka la kwanza, la katikati na la ukoo. Kaka alikuwa ameyapanga kama kwenye diplome ya hapa, lakini jeshi lilikuwa limeyageuza. Andika jina namna jeshi liliandika, siyo namna mama alikuita. Ongeza tawi la jeshi, tarehe za utumishi, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na namba ya usalama wa jamii.

Na ukiona kosa ndani ya hati, usiifute mwenyewe. Kuna fomu DD-149 ya kuomba masahihisho.

Kuichunga

Mutu atasema: kama serikali iko nayo, nichunge ya nini? Tarehe 12/7/1973 moto uliwaka katika jengo la kituo kile, ukateketeza madosye kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, karibu asilimia 80 ya madosye ya waliotoka kati ya 1912 na 1960 yalipotea. Hakukuwa na kopi nyingine. Mpaka leo wafanyakazi wanajaribu kuunganisha maisha ya watu kwa vipande, kama vile karatasi za mishahara. Lakini aliyekuwa na kopi yake nyumbani, hakuangaika sana.

Basi fanya hivi. Asili iwekwe mahali pakavu, ndani ya plastiki. Piga kopi mbili tatu. Moja ikae kwa ndugu unayemwamini. Weka nyingine katika fulashi yenye neno la siri. Unaweza pia kuiandikisha bure katika kaunti nyingi, lakini uliza kwanza, juu mahali pengine hati iliyoandikishwa inaweza kuonwa na kila mutu. Na usiitupe kwenye Facebook ama kwenye grupu la WhatsApp kwa kujivuna: mara nyingi ina ile namba ya usalama wa jamii, na mwizi anaweza kukopa kwa jina lako.

Karatasi ya kaka ilikuja kisha wiki tano. Muhula ulikuwa umeanza bila yeye, akangojea mwingine.

Babu wa mama yetu alikuwa soda wa Force Publique. Wazee wanasema alifika mpaka Saio, Ethiopia, mwaka 1941, pale Waitaliano walipojitoa mbele ya jeshi lililotoka Kongo. Kijitabu chake cha jeshi kililiwa na mchwa. Leo hata namba yake hatuijui, na mtoto akituuliza kama ni kweli, tunanyamaza.

Ukiwa na ndugu aliyekuwa soda kule, mwandikie leo, umuulize DD-214 yake iko wapi. Akisema "ngoja kwanza niangalie", mwambie aangalie sasa.