Kezilahabi na somo la Rosa kwa wazazi

Mzazi wa Kilosa au Mikumi anayempeleka binti yake bweni hununua godoro, ndoo na madaftari. Mazungumzo kuhusu wanaume na mwili wake mara nyingi huahirishwa hadi basi linaondoka. Mwaka 1971 riwaya moja ilionyesha gharama ya ukimya huo, ikazuiwa kutumika shuleni.

Ni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, Ukerewe. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Riwaya hiyo, ya kwanza kwake, ilitoka kabla hajafikisha miaka 30 na kupata wasomaji mara moja.

Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali. Akigundua barua ya mvulana, anampiga bintiye. Basi, malezi yake yameishia hapo. Rosa anafika bweni akiwaogopa wanaume bila kuwajua, na hofu hiyo ikimtoka, hana kingine cha kumlinda. Wanaume wenye vyeo wanamchezea, hata anapofika chuo cha ualimu Morogoro. Mwisho anajiua.

Waliotaka kitabu kifichwe waliona kinaharibu watoto. Baadaye kiliruhusiwa na kuwa cha kiada kwa vidato vya juu, Tanzania na Kenya.

Kezilahabi hakuishia hapo. Aliandika *Kichwamaji*, *Dunia Uwanja wa Fujo* na *Gamba la Nyoka*, na mashairi yake yasiyofuata vina yakazua ubishi mkubwa. Alipata shahada ya uzamivu Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na miaka ya 1990 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki Dar es Salaam Januari 9, 2020.

Wazee wa Kilosa hawakuliacha jambo hili lijiendee. Kwa Wakaguru, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani na kufundwa na wanawake wakubwa, kwa nyimbo na kwa maneno ya wazi. Si yote waliyofundishwa wali yanafaa leo, lakini hakuna aliyetoka pale bila kuambiwa kitu. Zakaria alibaki na fimbo tu, na siku hizi zipo nyumba nyingi ambazo mwali hana wa kumfunda, mama akidhani shule itasema, shule ikidhani mama amesema.

Kwa hiyo kabla ya sanduku kufungwa, keti na binti yako. Mweleze mwili wake ulivyo. Kisha muulize swali moja: mtu mzima mwenye madaraka akikuita faragha, utamwambia nani? Kama jibu lake si wewe, wala shangazi, wala bibi, bado hajawa tayari kusafiri.