Sabuni yenye mikia miwili

Mbwa mkali akikukimbiza, adrenalini humwagika kwenye damu yako na njia za hewa kifuani hupanuka ili upate pumzi ya kukimbilia. Adrenalini haiingii ndani ya seli. Hupiga hodi nje, na anayeitikia ni protini iliyozama kwenye utando wa seli, iitwayo kipokezi cha beta-2. Mwenye pumu akivuta dawa ya salbutamoli, kipokezi hichohicho ndicho huitikia.

Wanasayansi walitaka kukiona kikiwa kazini. Taabu ikaanzia hapo. Utando wa seli ni mafuta, na kipokezi kimezoea mafuta. Ukikitoa ukakitia majini, vipokezi hugandana, vikapoteza umbo, kazi ikaishia hapo.

Kinachosaidia ni sabuni. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta; ndiyo maana sufuria ya pilau hutakata. Mikia hukizunguka kipokezi, vichwa vikabaki upande wa maji. Ila msije mkajaribu na sabuni ya vyombo, hiyo ni kali mno! Maabara nyingi zilitumia sabuni laini iitwayo DDM, yenye kichwa kimoja cha sukari ya maltosi na mkia mmoja wa kaboni 12. Hata hiyo haikuzifaa protini dhaifu zaidi.

Mwaka 2010 Pil Seok Chae na Samuel Gellman wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na wenzao, walitangaza sabuni nyingine. Katikati waliweka kaboni moja, wakaiunganisha na mikia miwili na vichwa viwili vya maltosi. Kaboni ina mikono minne tu. Yote ikashikwa, molekuli ikakosa nafasi ya kujipindapinda. Tena ikishaishika protini, haiiachii upesi. Hunifurahisha kwamba sukari ni ileile ya zamani, kilichobadilika ni mpangilio.

Brian Kobilka wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitumia kukituliza kipokezi cha beta-2 kikiwa kimeshikana na protini ya G, ile inayopeleka habari ndani ya seli. Sabuni haikutosha peke yake. Ilihitajika pia kingamwili ndogo iliyotokana na llama, mnyama wa jamii ya ngamia. Umbo la kipokezi na protini hiyo vikiwa vimeshikana likachapishwa mwaka 2011, na mwaka 2012 Kobilka na Robert Lefkowitz wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Chae, baadaye akiwa Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, ameendelea kuunda sabuni nyingine, mara akirefusha mkia, mara akibadili kichwa, kwa sababu sabuni inayoifaa protini moja huweza kuiharibu nyingine.