Udhia Mdogo wa Nyumbani

Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Leo nataka kuwafungulia kidogo mlango wa nyumba yangu, mpate kuziona ila zake, maana nadhani si mbali na zenu.

Msiba mkubwa ukiingia nyumbani, hatuko peke yetu. Jirani huja na kuni, huja na maji, hukesha pamoja nasi. Lakini ni nani atakayekuja kumpa pole mtu ambaye maziwa yake yamefurika jikoni? Ni nani atakayemlilia mama aliyeinjika maharage tangu saa nne asubuhi, na saa tisa bado yagonga meno kama kokoto? Mlango hukwama wakati wa masika. Chumvi hugeuka maji ndani ya kikopo. Mtungi wa gesi huisha wali ukiwa nusu mbichi, na wageni wamekwisha nawa mikono. Mambo haya ni madogo mno, hata mtu huona haya kuyataja. Basi huyameza. Lakini yaliyomezwa hayafi tumboni. Siku moja hutoka, yakamwangukia asiyehusika.

Hayo nayajua kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe, mwalimu, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watoto kufikiri kabla ya kujibu.

Sisi twakaa Muheza, chini ya milima ya Usambara. Pamoja na watoto wetu tunaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 12, aliyeletwa kwetu apate kusoma. Mwaka jana, mvua za masika zilipoanza, sabuni nayo ikaanza kupotea. Desturi yetu ni kununua mche mmoja, mke wangu akaukata vipande, na kipande kimoja kikawekwa kisahanini uani kwa kufulia. Jioni kipo, asubuhi hakipo. Mara ya kwanza nalicheka. Mara ya pili naliguna. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, nami nalikuwa nimekwisha lowesha shati langu jeupe la Jumapili. Nikasimama uani, mikono yachuruzika maji, kisahani kitupu, na hasira ikanipanda.

Nikamwita mpwa wangu mbele ya wenzake. Sikumwuliza kama ameiona sabuni. Nalimwuliza ameipeleka kwa nani. Akasema, "Mjomba, si mimi." Nikamwambia, "Katika nyumba hii sabuni haikupotea kabla hujaja." Neno hilo lilipokwisha kunitoka nalijua kwamba ni zito, lakini sikulirudisha. Mtoto yule hakulia wala hakujibu. Jioni hakula. Siku ya pili yake alikunja nguo zake akazitia katika mfuko, akaja kuniuliza kwa adabu nauli ya basi ya kurudi kwa mama yake ni kiasi gani.

Mke wangu alikuwa amenyamaza siku zote mbili. Usiku ule akaniambia, "Mwalimu, dada yako alimkabidhi mtoto huyu kwako kwa mkono wake mwenyewe. Una ushahidi gani?" Sikuwa na ushahidi, nalikuwa na kisahani kitupu tu. Akasema, "Basi na tutafute sabuni, tusitafute mwizi."

Kulipokucha tukaanza kuhamisha vitu vya stoo, kimoja kimoja. Nyuma ya gunia la mahindi, pembeni mwa ukuta, tukakuta matambara yaliyotafunwa, maganda ya karanga, kifuniko cha kalamu yangu nyekundu nilichokitafuta mwezi mzima, na vipande vitatu vya sabuni, kila kimoja kina alama za meno. Mwizi alikuwa panya.

Msomaji akistaajabu panya ana haja gani na sabuni, na ajue kwamba sabuni hutengenezwa kwa mafuta, kama ya mawese au ya wanyama, na panya huyapenda mafuta. Tena meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, naye huyapunguza kwa kuguguna. Panya yule hakuja kutuudhi; alikuja kutafuta riziki yake. Mimi ndiye niliyeudhi.

Nikamwita mpwa wangu mbele ya watoto wote, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomtuhumu, nikamwonyesha vipande vile, nikasema, "Nimekukosea. Nalinena neno nisilolijua. Nisamehe." Akavitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Mjomba, kule Morogoro panya hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa. Huyu wetu amekosa shule tu." Tukacheka sote, hata machozi yakatutoka. Na alilolisema ni kweli: panya buku mmoja aitwaye Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alifanya kazi ya kutafuta mabomu ya ardhini huko Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na chama kimoja cha Uingereza cha kutibu wanyama. Basi ule mfuko wa nguo ukafunguliwa, na tangu siku hiyo sabuni yetu hukaa katika kopo lenye kifuniko.

Tangu hapo nimeshika neno moja: udhia usiotafutiwa sababu hutafutiwa mtu. Na sababu, mara nyingi, i karibu kuliko tudhanivyo. Tazameni.

Maziwa hayafuriki kwa uzembe wa mpishi peke yake. Yakipata moto, utando wa mafuta na protini hutanda juu, mvuke hukosa njia, na povu huinuka kwa ghafula. Basi tumia sufuria pana, usiijaze, upunguze moto mapema, na juu ya mdomo wake ulaze mwiko wa mti, ambao huyapasua mapovu.

Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Unyevu ukipita kadiri ya asilimia 75, hata chumvi iliyo safi huanza kuyeyuka, na huku kwetu, karibu na pwani, wakati wa masika hewa hupita hapo mara nyingi. Chombo chenye kifuniko cha kubana, na ndani yake punje chache za mchele uliokaangwa, husaidia.

Maharage yaliyokaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu huwa magumu, hata moto uwe mkali namna gani. Afadhali kununua ya msimu mpya, na kuyaloweka usiku kucha. Magadi huyalainisha upesi, lakini hupunguza vitamini, basi na yatiwe kidogo.

Mlango nao hukwama kwa kuwa mbao hunywa unyevu zikavimba. Ukiuranda sana wakati wa mvua, kiangazi utakuachia mwanya. Na mtungi wa gesi, kabla hujawaalika wageni, umwagie maji ya moto ubavuni, kisha upitishe kiganja chako toka juu hata chini: pale baridi inapoanzia ndipo kimo cha gesi iliyosalia.

Lakini si kila udhia watoka kwa panya na chumvi. Mwingine watoka kwetu sisi wenyewe. Kwa huo tumeweka jioni ya Jumamosi, baada ya chakula, kila mtu, mkubwa na mdogo, aseme udhia mmoja wa juma lile, na jambo moja dogo lililomshangaza. Masharti ni matatu: kitajwe kitendo, isitajwe tabia ya mtu, yasirudishwe ya majuma yaliyopita, na msemaji asikatizwe.

Jumamosi ya kwanza nalikaa kitini kama hakimu, nikidhani nitasikiliza mashtaka ya watoto. Kumbe! Mke wangu ndiye aliyeanza, akasema kwamba mimi huacha kikombe cha chai chini ya kiti, naye hukipiga teke kila asubuhi afagiapo. Nikamwuliza tangu lini. Akajibu, "Tangu tuoane." Ni miaka 16! Nikasema, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Nilidhani ni jambo dogo."

Binti yetu akasema kwamba kila akikaa tu kitako hutumwa. Tukaahidi kuangalia juma zima, nasi tukaona ni kweli tupu. Mpwa wangu alipofikiwa na zamu akasema hana udhia, ila ana la kushangaza. Kuku wetu mwekundu, ambaye tulidhani amekoma kutaga na tukaanza kumwangalia kwa jicho la sufuria, hutaga ndani ya kikapu changu cha vitabu. Tukaenda na taa. Mayai manane yalikuwa yamepangika vizuri juu ya madaftari ya darasa la sita.

Dada yangu alipokuja kututembelea mwezi wa Desemba, nalimweleza habari ya sabuni mimi mwenyewe, kabla hajaisikia kwa mwingine. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mtoto alisemaje?" Nikamwambia habari ya panya aliyekosa shule. Akacheka, akasema, "Basi abaki kwenu."

Wazazi na walimu wenzangu, mabakuli yakikaa pamoja hayakosi kugongana, wala sisemi kwamba nyumba yetu sasa haina kelele. Nasema tu kwamba jambo dogo likitajwa mapema hubaki dogo. Tafuteni sabuni kabla hamjatafuta mwizi. Na mimi kikombe changu nakirudisha jikoni kila jioni, isipokuwa juzi, naliposahau. Na Jumamosi ijayo nitasikia habari yake.