Kikaza waya

Kikaza waya ni kifaa cha mkono kinachotumika kuvuta waya wa uzio uliolegea, hasa seng'enge. Waya hulegea nguzo zinapooza au kuinama, au mifugo inapouegemea.

Muundo

Aina moja ina mnyororo, vibano viwili na mpini. Kibano kimoja hushika waya; kingine hufungwa kwenye nguzo ya pembeni, au hushika ncha ya pili ya waya uliokatika. Mpini ukisukumwa huku na huku, kifaa husogea kwenye mnyororo pingili moja baada ya nyingine, na waya haurudi nyuma. Ukishakazwa, hupigiliwa misumari ya umbo la U au ncha zake huungwa.

Matumizi Karagwe na Kyerwa

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Katika wilaya hizi za Mkoa wa Kagera, ufugaji wa ng'ombe hupakana na mashamba ya migomba na kahawa. Waya mmoja ukilegea, ng'ombe huweza kupenya na kula mazao ya jirani, na ugomvi huanzia hapo.

Asiye na kikaza waya anaweza kutumia nyundo yenye kucha: seng'enge hunaswa kwenye kucha, nyundo ikaegemezwa kwenye nguzo kama wenzo. Njia hii hufaa kwa sehemu fupi tu.

Usalama

Waya uliokazwa kupita kiasi hukatika na kuruka kwa nguvu, ukaweza kujeruhi macho. Ukikazwa sana wakati wa jua kali, huvutika zaidi usiku kwa baridi. Mtumiaji huvaa glavu ngumu na hasimami usawa wa waya unaovutwa.