Kali Haitakufanya Mdukuzi

"Fundi, nataka kuanza Linux, niwekee Kali." Wanaoniletea ombi hili wengi wao ni vijana wa vyuo, na kompyuta wanayoninyooshea ndiyo hiyohiyo yenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo ambayo haina nakala popote. Nikiuliza kwa nini Kali na si nyingine, jibu ni lilelile: ndiyo ya wadukuzi. Wameiona kwenye tamthilia ya Mr. Robot, au kwenye video fupi za mtandaoni zenye lile joka lake na maandishi yanayokimbia kwenye skrini nyeusi. Nimechoka kulijibu dukani, basi nalijibu hapa.

Kali ni Debian, mfumo mwingine wa Linux, iliyovalishwa. Kampuni ya Offensive Security ilichukua Debian, tena lile tawi ambalo bado linafanyiwa majaribio, ikaipakia mamia ya zana za kupima usalama, ikagusagusa kiini cha Linux kwa ajili ya kazi za Wi-Fi, na Machi 2013 ikaitoa kurithi mfumo wake wa awali, BackTrack. Nmap iliyomo mle ndiyo hiyohiyo utakayoipata kwenye Ubuntu ukiandika sudo apt install nmap. Wireshark vilevile. Aircrack-ng na sqlmap vilevile. Ukivaa koti jeupe na kutundika stetoskopu shingoni, wagonjwa watakusalimia, lakini dozi hutaijua.

Waundaji wake wenyewe wameandika kwenye mwongozo kwamba haimfai mtu asiyeijua Linux, wala anayetafuta mfumo wa shughuli za kila siku. Nani anausoma? Kijana huchoma flashi usiku, asubuhi yuko mlangoni kwangu analalamika kwamba spika yake ya Bluetooth haiungani. Haiungani kwa sababu Kali imezima Bluetooth kwa makusudi, pamoja na huduma nyingine za mtandao, ili mpimaji asiache mlango wazi anapofanya kazi kwenye mtandao wa watu. Mfumo unafanya kazi yake sawasawa, ila kazi yenyewe si ya kusikiliza muziki. Halafu masasisho yake hayakauki. Kwa mwenye bando la wiki, sasisho moja kubwa linalimaliza kabla hajafungua hata kivinjari.

Kuna ombi la pili, hili huja kwa kunong'ona: Wi-Fi ya jirani. Sikilizeni vizuri. Kwenye Wi-Fi yenye ulinzi wa WPA2, aircrack-ng haipasui kufuli lolote. Inanasa salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapoungana, kisha inakaa pembeni ikijaribu neno moja baada ya jingine kutoka kwenye orodha. Orodha maarufu inayokuja na Kali ni rockyou.txt: maneno kama milioni 14 yaliyovuja mwaka 2009 kutoka kampuni ya Marekani iliyoitwa RockYou. Jirani aliyeweka 12345678 atapatikana, na huyo ungempata hata kwa kubahatisha na simu yako. Jirani aliyeacha nenosiri refu la herufi na tarakimu lililobandikwa chini ya ruta hayumo kwenye orodha, kwa hiyo feni ya kompyuta itavuma hadi alfajiri na hutapata kitu. Na hapo nimechukulia kwamba kadi yako ya Wi-Fi inakubali kusikiliza mawasiliano yote yaliyo hewani. Kadi nyingi zilizomo ndani ya kompyuta za kawaida hukataa, au hukubali nusunusu. Hakuna distro, yaani toleo la Linux kama Kali au Ubuntu, itakayobadilisha kipande cha chuma.

Sasa mambo ya maana, haraka. Nilianza na Ubuntu, enzi zile Canonical ikituma CD bure kwa posta; leo dukani natumia Debian, nyumbani Mint. Unatoka Windows na hutaki usumbufu? Mint. Unasoma programu au unataka kujifunza seva? Ubuntu ya LTS, ina miaka mitano ya masasisho na majibu yake yamejaa kila kona. RAM ni 4 GB? Debian yenye mazingira mepesi ya Xfce, na ufungue kurasa chache, maana kinachokula RAM ni kivinjari. Kompyuta mpya kabisa? Fedora. Inajivuta na bado ina diski ya kuzunguka? Nunua SSD kwanza, uache kuhamahama distro. Kabla ya kufuta chochote, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha washa mfumo kutoka kwenye flashi bila kuusakinisha: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, funga kifuniko na ufungue. Kikigoma kitu, jaribu distro nyingine hapohapo.

Kali ninayo, ndani ya kompyuta pepe ya VirtualBox. Naiwasha nikiwa na barua ya mteja anayeniruhusu kupima mtandao wake, nikimaliza naizima. Nawe ukishaizoea Linux, iweke hivyohivyo, upime ruta ya kwako. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya wana sheria yao ya 2018. Ukikamatwa, usiseme fundi ndiye aliyekuwekea. Mimi siweki.